Kulipa, Kulipia na Kulipiza

Tunapowafundisha wanafunzi wetu mnyambuliko wa vitenzi, aghalabu tunaanza na vitenzi vyepesi ambavyo kila mtoto hukutana navyo sokoni. Kimojawapo ni lipa. Kutokana nacho hupatikana lipwa, lipia, lipana, lipisha, na mwishoni lipiza, na hapo ndipo darasa husita. Mwaka jana mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili alisimama akatuuliza imekuwaje neno la kumaliza deni likazaa neno la kisasi. Kengele ilikuwa karibu kulia, nasi tukamjibu kama walimu wajibuvyo saa hiyo: kwamba aliyetendewa ubaya hujiona anadai, na kulipiza ni kulitoza deni hilo kwa nguvu. Jibu halikuwa baya. Lakini juma halikwisha kabla mwalimu mwenzetu hajatuletea swali lile lile kwa sura nyingine, na safari hii halikuwa swali la sarufi.

Mwenzetu huyo hufundisha fizikia katika shule ya serikali. Mkewe hufundisha Kiswahili katika shule ya watu binafsi. Wana watoto watatu. Mwaka 2018 walikopa benki shilingi milioni 40, wakanunua nyumba ndogo upande wa Mukono, karibu na barabara kuu iendayo Jinja, na wote wawili wakatia saini. Fungu la kila mwezi hutolewa katika akaunti ya mume. Mwaka 2023 walitengana. Sababu hatukuiuliza, na hata tungeijua tusingeiandika hapa. Mume alitoka akapanga vyumba viwili mjini. Mke na watoto wakabaki katika nyumba. Mahakama haijatoa talaka, wala nyumba haijagawanywa.

Alitukuta chumba cha walimu saa za jioni, wengine wameshakwenda zao. Akasema, “Mwalimu, wewe ndiye mwenye kazi ya maneno, basi niambie. Kila mwezi nalipia paa lisilonifunika, nikishamaliza nalipia na lile linalonifunika. Nikiacha kulipa lile la kwanza, nitakuwa nimemkosea nani?”

Sisi tulimjibu kwa methali, kama ilivyo desturi yetu tukishikwa pasipo maandalizi: dawa ya deni kulipa. Akacheka kicheko kisicho na furaha. “Hiyo ni dawa ya aliyekopesha,” akasema. “Mimi nakuuliza dawa ya mtu aliyekopa pamoja na mtu ambaye hawako pamoja tena.”

Hapana budi tukiri kwamba alikuwa na haki. Methali zetu za deni karibu zote huwazungumzia watu wawili, mdai na mdaiwa. Hata ile ya kukopa harusi, kulipa matanga, ambayo ilimgusa mwenzetu kwa karibu zaidi, maana kwake harusi ilikuwa harusi kweli na matanga ni matanga ya ndoa yenyewe, nayo haina nafasi ya mtu wa tatu. Mkopo wa nyumba una watatu: wawili wanaokopa na mmoja anayekopesha. Hatuijui methali inayosema neno juu ya deni la watatu ambao wawili kati yao wamegombana. Kwa hiyo ilitupasa tufikiri wenyewe.

Yafaa tuanze na ile ahadi. Tunasema ahadi ni deni. Tugeuze maneno tuulize, deni hili ni ahadi kwa nani? Kwa benki, bila shaka, na ahadi hiyo haikuwahi kutegemea mapenzi. Mwenye benki hakuuliza kama wawili hao wanapendana. Aliuliza mishahara yao, akachukua hati ya ardhi, akataka saini mbili. Lakini siku ile ile kulikuwa na ahadi nyingine ambayo haikuandikwa katika karatasi yoyote: mume alipotia saini chini ya saini ya mke, na mke chini ya ya mume, kila mmoja alikuwa akimwambia mwenziwe kwamba sitakuacha na mzigo huu peke yako. Hii ndiyo watu huisahau. Wanadhani ndoa ikivunjika kila kilichosemwa ndani yake huvunjika pamoja nayo. La hasha. Wapo wafanyabiashara wawili ambao hawakupata kupendana hata siku moja, na wakikopa pamoja hulipa pamoja. Tena katika mkopo wa namna hii kila mtia saini hudaiwa deni zima, wala si nusu yake. Kwa hiyo anayeacha kulipa hapunguzi kitu. Huhamisha tu mzigo kutoka katika jina lake kwenda katika jina la mwenziwe.

Hayo tulimwambia, naye akayakubali, kisha akasema, “Sawa. Lakini mimi ndiye ninayelipa. Basi nyumba ni yangu.”

Hapa tuliona ni vema kuacha maneno tukapiga hesabu, na katika hesabu yeye ametupita mbali. Mkopo wa shilingi milioni 40, kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, wa kulipwa kwa miaka 15, hudai kiasi cha shilingi 587,000 kila mwezi. Katika fungu la kwanza, 533,000 ni riba, na 54,000 tu ndizo zipunguzazo deni lenyewe. Miaka 5 ikitimia watu hao wamekwisha kulipa milioni 35 na ushei, na deni lililobaki ni milioni 35. Msomaji asidhani mpiga chapa amekosea. Ndivyo mikopo hii ilivyo: katika miaka ya mwanzo mkopaji hununua muda, na nyumba yenyewe huja kuinunua mwishoni. Walipotengana, katika kila 587,000 zilizokuwa zikitoka, kiasi cha 467,000 zilikuwa riba, na 120,000 hivi ndizo zilizokuwa zikinunua matofali.

Kwa maoni yetu tofauti hii si ya wahasibu peke yao. Ina uzito katika haki pia. Fungu moja la mwezi lina bei mbili ndani yake. Kuna bei ya muda, ambayo ni mfano wa kodi: hulipwa ili watu waendelee kukaa, na ikishalipwa imekwisha, haimwachii mlipaji kitu. Na kuna bei ya nyumba, ambayo hubaki. Anayesema kwamba amelipa 587,000 na kwa hiyo amejinunulia nyumba kwa kiasi hicho, amezidisha karibu mara tano. Lakini na yule akaaye ndani, akisema kwamba mwenzake analipa deni lake tu na yeye halimhusu, naye anakosea, kwa kuwa anaishi katika muda ulionunuliwa na mwingine. Je, bei ya muda imwangukie nani? Tungependa kujibu mara moja kwamba imwangukie anayekaa. Lakini wanaokaa ni wanne, na watatu kati yao ni watoto wa wote wawili. Basi sehemu kubwa ya riba hiyo ni ya malezi, na malezi hayakutengana. Sehemu iliyobaki mke aichangie kwa kadiri ya kipato chake. Na zile 120,000 za matofali ziandikwe kwa jina la aliyezitoa, zingojee siku ya kugawana. Mahakama yaweza kuona vingine. Sisi tunasema tuonavyo.

Hata hivyo hesabu yote hii yaanzia siku ya kutengana, ilhali kulikuwa na miaka 5 kabla yake, na huko ndiko tulikokuta jambo ambalo mwenzetu hakutaka kuliangalia.

Wasomaji wetu wa Uganda hawana haja ya kukumbushwa kwamba shule zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Mwalimu wa serikali aliendelea kupata mshahara wake. Mwalimu wa shule ya watu binafsi, wengi wetu tunajua alichopata. Mke wa mwenzetu alikaanga mandazi akayauza kando ya njia, akapanda maharage na sukuma wiki nyuma ya ile nyumba, akawafundisha watoto wa majirani watano watano barazani kwa chochote ambacho wazazi walikuwa nacho, hata mayai. Siku hizo mshahara wa mume ulikuwa milioni moja na kitu kidogo, na nusu yake ilikwenda benki. Walikula nini? Walikula mandazi, maharage na mayai. Lau mke asingeyaleta, mshahara ule ungeishia jikoni na fungu la benki lisingalitoka.

Kwa hiyo tukamwuliza: katika miezi hiyo, nani alilipa? Taarifa ya benki ina jina moja tu. Lakini Kiswahili kina kiambishi kidogo cha -i- ambacho sisi walimu hukipitia upesi darasani: kulipia. Kulipia ni kutoa fedha kwa ajili ya kitu, na pia ni kutoa badala ya mtu. Yule aliyekaanga mandazi alikuwa akimlipia mumewe chakula ili mumewe alipe benki. Tena mwaka 2022 serikali ilipowapandishia walimu wa sayansi wenye shahada mshahara hadi milioni 4 kwa mwezi, na wale wa sanaa wakabaki karibu na milioni 1 (sisi wa lugha, na wenye stashahada hasa, tunayakumbuka ya mgomo wa mwaka ule bila ya kuhitaji gazeti), uzito wa fungu lile ulipungua ghafla kwa mume. Utengano ulikuja mwaka mmoja baadaye. Hatusemi kwamba fedha ziliwatenganisha. Tunasema kwamba mtu aliyeanza kulipa kwa urahisi asisahau waliomsaidia alipolipa kwa taabu.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mandazi hayakuwa na daftari.

Sheria za nchi zetu zimejaribu kuliona jambo hili, kila moja kwa njia yake. Tanzania ilitangulia: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliitaka mahakama iangalie mchango wa kila mmoja, na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ambayo wanasheria huiita ya Bi Hawa, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango. Wengi huisifu kanuni hiyo wakasahau mwisho wa kesi, maana yule mama mwenyewe hakupata kitu: mahakama iliona kwamba mumewe alikwisha kumpa fedha za kujenga mali ya pamoja naye akazitumia vibaya. Kenya, katika sheria yake ya mali ya wanandoa ya mwaka 2013, ilitaja waziwazi kazi za nyumbani na malezi ya watoto kuwa mchango, na tena ikasema kwamba deni lililochukuliwa wakati wa ndoa kwa faida ya ndoa hulichangia wote wawili sawasawa. Hapa Uganda, Katiba ya mwaka 1995 iliwapa mume na mke haki sawa katika ndoa na katika kuvunjika kwake. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ikaeleza kwamba ndoa peke yake haiigeuzi kila mali kuwa ya wote wawili, bali fungu la kila mmoja hufuata mchango wake, uwe wa moja kwa moja au wa kuzunguka. Huo wa kuzunguka ndio mandazi. Lakini kuuthibitisha mbele ya hakimu, miaka minne baadaye, pasipo karatasi hata moja, ni kazi nyingine.

Turudi kwa mwenzetu. Alipokwisha kuyasikia hayo alinyamaza kitambo kirefu, kisha akasema jambo ambalo twaamini ndilo lililomleta tangu mwanzo. Alisema, “Nataka auone uzito wake. Akija mtu wa benki kugonga mlango, ndipo atajua ni nani aliyekuwa anaishikilia nyumba hii.”

Tazama sasa, ndugu msomaji, jinsi lipa lilivyokuwa lipiza katika kinywa cha mtu mpole, mwenye elimu, ambaye hatujapata kumsikia akimtukana mtu. Kutolipa kulikuwa kumekwisha kuwa namna ya kulipiza. Na silaha yenyewe haichagui wa kumpiga. Chini ya Sheria ya Rehani ya mwaka 2009, mkopaji akishindwa, benki humpa taarifa na siku 45 za kazi ili arekebishe. Asiporekebisha, hupewa taarifa ya kuuzwa, siku 21 za kazi nyingine. Kisha dalali hutundika tangazo. Anayetaka mahakama isimamishe mnada aweza kutakiwa, kwa kanuni za mwaka 2012, kuweka kwanza asilimia 30 ya deni lililobaki au ya bei inayokadiriwa kupatikana kwa kuuza kwa haraka. Kwa hawa wawili ni zaidi ya milioni 10. Bei ya mnada nayo si bei ya soko. Deni likikatwa na gharama za dalali zikikatwa, yaliyosalia ya miaka 5 ya wote wawili, ya mshahara na ya mandazi, huenda yasitoshe kuwanunulia watoto magodoro. Na likibaki deni, litamfuata yeye pia, kwa saini yake.

Aligonga meza kidogo kwa kidole. “Kwa hiyo niendelee tu? Hata lini?”

Swali hilo la mwisho ndilo lililotushughulisha zaidi, kwani kumwambia mtu alipe daima si kumtendea haki. Kiswahili, pamoja na kutuletea maneno deni, riba na rehani kutoka Kiarabu, kimetuletea pia mawazo ya watu waliokwisha kuyatafakari mambo haya kabla yetu. Katika sura ya pili ya Kurani, aya ya 282 huagiza deni liandikwe na liwe na mashahidi. Aya ifuatayo hutaja rehani, na katika aya hiyo hiyo limo neno amana. Hatuandiki haya kama wanazuoni wa dini, na wengi wa wasomaji wetu ni wa dini nyingine. Tunatazama maneno tu yalivyokaa jirani. Nyumba ile ni rehani mikononi mwa benki. Baina ya wale wawili, tangu siku ya kutengana, twaona imekuwa amana: kila mmoja ameshika mkononi mwake sehemu ya mwingine hadi siku ya kuigawa. Mlipaji ameshika jina lisilo na doa la kutolipa. Mkaaji ameshika kuta, paa, mlango na funguo. Mwenye kushika amana hana ruhusa ya kuitupa kwa sababu ameanza kumchukia aliyeiweka kwake. Naye mke vilevile hana ruhusa ya kuliacha paa livuje kwa kuwa jina la mume limo katika hati, wala ya kumpangisha mtu chumba kwa siri.

Lakini amana ina mwisho wake, na mwisho huo sharti utajwe. Kulipa pasipo kujua hadi lini humfanya mlipaji mtumwa, na humfanya mkaaji mtu wa kuomba. Basi tulimwambia: endelea kulipa, lakini nenda mkakubaliane siku. Kama ni kuuza kwa hiari, muuze ninyi wenyewe kwa bei ya soko kabla dalali hajaingia. Kama mmoja atamnunua mwenzake, benki ikubali na saini ya mwingine ifutwe. Na kama siku moja hutaweza kulipa, kwa ugonjwa au kwa kukosa kazi, useme kabla ya tarehe, kwa benki na kwa mke. Kushindwa si kosa. Mtu anayekosa fedha na kusema amewaachia wengine nafasi ya kutafuta. Anayekuwa nazo akanyamaza, akiacha barua ya benki ipeleke habari, huyo ndiye aliyekosa, hata kama katika daftari la benki wote wawili huandikwa kwa neno moja.

Walikutana mwezi wa pili mwaka huu nyumbani kwa shangazi wa mke, yule ambaye Waganda humwita ssenga na ambaye ana neno katika mambo ya ndoa, zinapofungwa na zinapolegea. Hatukuwako. Tulisimuliwa kwamba saa ya kwanza ilipita kwa maneno ambayo hayakuhusu nyumba hata kidogo, na kwamba ssenga aliwaachia wayamalize. Kisha akaweka mezani daftari la shule, la kurasa 96, akawataka waandike. Mke hutuma shilingi 150,000 kwa simu kabla ya tarehe 5. Mume hujaza zilizobaki. Matengenezo ya nyumba huandikwa, hata misumari. Kitinda mimba akimaliza mtihani wa kidato cha nne, nyumba itauzwa au mmoja atamnunua mwenziwe, na kila mmoja atarudishiwa bei ya matofali yake kwanza. Ya miaka ya mandazi hawakuweza kuyahesabu. Waliandika nusu kwa nusu, mume akatia saini baada ya kukaa kimya kwa muda ambao ssenga aliuona mrefu.

Mwezi wa tano shule ya mke ilichelewesha mishahara. Alimpigia mume tarehe 2 akamwambia hana kitu mwezi huo. Mume alitoa fungu zima, kisha akaja kwetu na lile daftari chini ya kwapa, akalifungua juu ya meza kati ya madaftari ya wanafunzi tuliyokuwa tukiyasahihisha. Alitaka kujua aandike nimelipa au nimelipia. Tulimwambia yote mawili ni Kiswahili sanifu. Akafikiri, akaazima kalamu yetu nyekundu kwa kuwa yake ilikwisha wino, akaandika nimelipia, na mbele yake jina la mkewe.